Pikipiki Tulizozisukuma Changamwe

Miaka ile ya arubaini nilizijua pikipiki zote za kampuni ile kwa uzito wake. Si kwa mbio zake, si kwa rangi wala kwa mlio. Kwa uzito. Waliozinunua watakueleza mengine, na waache waeleze, hakuna aliyewaziba midomo. Mimi nilizisukuma.

Gereji yetu ilikuwa Changamwe, nyuma ya stesheni ya reli, banda la mabati lenye sakafu iliyolowa oili. Duka lenyewe, lenye vioo na viti vya kukalia wateja, lilikuwa ng'ambo, kisiwani. Pikipiki zilishushwa Kilindini zimefungwa ndani ya makasha, zikaletwa kwetu kwa lori, tukazifungua, tukaziunga, tukaziwasha zikiwa zimesimama juu ya stendi ili tusikilize injini. Zikishalia vizuri tulizizima. Kisha tulizishika usukani na kuzipeleka kwa miguu: kushuka mlima wa Changamwe, kuvuka tuta la Makupa, mpaka dukani. Zilizoharibika zilirudi kwa njia ile ile. Mwenyewe akiwa anakaa Likoni, unasukuma hadi kivukoni, unavuka nayo, unasukuma tena upande wa pili. Akiwa Kisauni, unapita juu ya daraja la Nyali, lile la zamani lililokuwa likielea majini, mbao zinakucheza chini ya miguu na pikipiki inataka kulala ubavu.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya meneja wetu, Mzungu mmoja mrefu aliyeletwa kutoka Nairobi. Mwafrika atengeneze, asiendeshe. Alisema bima ya kampuni haikubali. Tulikuwa mafundi wanane, watu wazima wenye wake na watoto. Unaifungua injini mpaka tumboni, unaipa uhai upya, halafu unaambiwa usiipande. Na meneja mwenyewe hakuzipanda pia, maana alikuja kazini kwa motokaa na kuondoka kwa motokaa. Aliuza pikipiki kama muuza nyama asiyekula nyama. Ilinikera wakati ule na inanikera hadi leo. Nisikudanganye kwamba uzee umenipoza.

Dukani walikuwa na kitabu cha picha kinachoonyesha kila aina na sifa zake. Sisi tulikuwa na kitabu chetu cha mdomo. Kubwa kuliko zote ilikuwa ile yenye injini ya mia tano na kigari cha pembeni. Tuliiita Mke Mwenza, kwa sababu wewe ukitaka kulia kigari kinataka kushoto, na hamkubaliani mpaka mfike. Hiyo ilitaka watu wawili, mmoja kusukuma na mmoja kulaani. Ikafuata Askari, ya mia tatu na hamsini, rangi ya tope, iliyoletwa kwa ajili ya vita. Ukiisimamisha kwenye mchanga inakulalia mguuni. Kisha ile ya mia mbili na hamsini, waliyoipenda makarani wa reli. Kitabu cha dukani kilisema ni nyepesi na yenye adabu. Kikanyagio chake kilikaa mahali hasa pa kukuchuna muundi, na mafundi wote wanane tulikuwa na kovu moja, mguu wa kulia, chini ya goti. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ukutani mwa duka walikuwa wametundika karatasi kubwa iliyopigwa chapa, historia ya kampuni katika nchi hii. Nilisoma misheni ya Rabai, Kiingereza changu kilinitosha, nikaisoma yote siku moja nikimngoja karani anipe stakabadhi. Ilisema pikipiki yao ya kwanza ilishuka Mombasa kabla ya vita vya Mjerumani, vile vya kwanza. Ilisema katika vita hivyo zilichukua barua za jeshi kutoka Voi kwenda mpakani, zikapita mito na matope bila kusaidiwa. Baadaye walowezi wakazipenda, mashindano yakafanywa, tawi likafunguliwa huku na tawi kule. Palikuwa na picha ya kijana wa Kizungu amekaa juu ya pikipiki kando ya mto, na soksi zake hazina hata tone la tope.

Nikampelekea baba yangu habari ile. Yeye katika vita vile alikuwa kariakoo, mbeba mizigo wa jeshi, alichukuliwa Rabai akiwa kijana na kurudi akiwa na mgongo wa mzee. Nilipomweleza aliacha kula. Akauliza, bila kusaidiwa na nani? Akaniambia pikipiki zile aliziona kwa macho yake mawili. Zikifika kwenye tope zinazama mpaka tumboni, nao wanaitwa kuzing'oa. Mitoni zilivuka zimefungwa juu ya miti mabegani mwa watu wanne, mwendeshaji akija nyuma na viatu vyake mkononi. Mwenzake mmoja alichukuliwa na maji katika kazi hiyo. Pikipiki iliokolewa.

"Kama unajua kuandika," baba aliniambia, "andika na hilo."

Basi nimeliandika. Karatasi yao ile na iseme inavyotaka.

Vita vya pili vilipokuja, Changamwe ilijaa jeshi hata mtu akawa hajui aoneshe wapi mlango wake. Mahema, malori, ndege zinashuka na kupaa upande wa Port Reitz mchana kutwa. Kampuni yetu ikapewa kazi ya kutengeneza Askari za jeshi, nasi tukawa hatuna nafasi hata ya kujikuna. Kila pikipiki iliyopona ilisukumwa kupelekwa kambini au mjini. Hapo ndipo ulipoanza ujanja wetu.

Sheria ilisema tusiwashe injini. Haikusema tusikae juu. Na kutoka njia panda ya stesheni mpaka Makupa ni mteremko mtupu, na mteremko hauna meneja. Ukifika juu ya mlima unatazama nyuma, unatazama mbele, unarusha mguu, unakaa, unaachia breki. Pikipiki inashuka kimya, upepo unakujaa shatini. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kukata kona, kufunga breki mbili kwa pamoja, kukwepa mikokoteni na kutoa mkono kuonyesha niendako, yote bila injini. Mwenzangu mmoja wa Likoni, Mdigo mwenye maneno mengi na moyo mweupe, alikuwa akishuka huku ameachia usukani na mikono ameikunja kifuani. Wallahi, alisema, mlima huu ni gari la Mungu, hautaki petroli. Chini tulishuka, tukawa wasukumaji tena. Na wakati wa kurudi, mlima ule ule mbele yako na jua la saa saba kisogoni, raha yote ilikutokea puani.

Tulifanya hivyo miaka minne. Meneja hakujua, au kama alijua alinyamaza.

Vita vilipokwisha likaja kasha la aina mpya. Tulipolifungua tulicheka. Ilikuwa kipikipiki cha mia moja na ishirini na tano, kiti kimoja, keria ndogo nyuma, tangi la kutosha kuchezea mtoto. Tulikiita Kifaranga. Lakini injini yake ilikuwa na tabia ya peke yake. Kubwa zote zilikuwa na oili yake mbali na petroli yake mbali. Hii ilitaka oili uichanganye ndani ya petroli, viingie pamoja, na injini inywe vyote viwili kwa mdomo mmoja. Ukiinyima petroli huku inazunguka, umeinyima na oili, na chuma kitupu kinakwaruza chuma kitupu. Niliisoma karatasi iliyokuja nayo mara tatu, nikawafundisha wenzangu. Kumbuka hilo, kwamba mimi ndiye niliyefundisha.

Nairobi walikuwa wamemwandikia meneja kwamba Vifaranga wauzwe kwa Waafrika: walimu, wainjilisti, madresa, wale wafunga vidonda wa hospitali. Wa kwanza kuja kutazama alikuwa mwalimu wa shule ya misheni upande wa Mazeras, mtu mfupi mwenye koti safi. Wenzake katika shule nyingine walikuwa wakingoja yeye aseme nini. Alimsikiliza meneja kwa adabu, akakizunguka kipikipiki mara mbili, kisha akanigeukia mimi na kuniuliza kwa Kirabai kama kitaupanda mlima wa Mazeras. Nikamjibu ukweli, kwamba sijui, sijapata kukiendesha.

Mwalimu alimgeukia meneja na kumuuliza kwa Kiingereza kilichonyooka, ni nani basi atakayemfundisha yeye kuendesha? Meneja akanionyesha mimi. Mwalimu akauliza itakuwaje afundishwe na mtu asiyeruhusiwa. Akasema atanunua siku fundi huyu atakapokuja shuleni kwake amekipanda, injini ikiwaka, na leseni mfukoni. Akatuaga, akavaa kofia yake, akaenda kungoja treni.

Siku ya tatu meneja alituita wote wanane. Kiswahili chake kilikuwa cha kutoa amri, hakikuwa na mlango wa mazungumzo, lakini siku hiyo alikitafuta neno kwa neno. Alisema amezungumza na inspekta wa polisi anayetahini madereva, na inspekta amekubali kunitahini Jumamosi.

"Wewe moja," alisema, akininyooshea kidole. "Mara moja. Napita, wote nakwenda leseni. Nashindwa, mimi hapana taka sikia habari ya leseni tena humu ndani."

Sasa unaona alivyonipanga. Kama ningeshindwa kwa ajili yangu ningevumilia, mtu hushindwa mambo mengi. Lakini alinitundikia wenzangu saba shingoni. Nikishindwa, watasukuma mpaka viungo viwaishe. Mwenzangu wa Likoni alinikodolea macho, kisha akaniambia kwa mzaha kwamba mzoea punda hapandi farasi. Nikamwambia anyamaze. Usiku huo huo sikupata usingizi, sioni haya kusema.

Nilipewa alasiri mbili za kujizoeza ndani ya ua wa gereji. Mke wangu alikuja na mtoto mgongoni, akasimama katikati na ungo mkononi akijifanya polisi wa njia panda. Akiinua ungo ninasimama, akiushusha ninakwenda. Alinikaripia kuliko inspekta yeyote. Klachi niliijua kwa mkono, gia nilizijua kwa sikio, na kukaa juu nilijifunza mlimani. Alasiri ya pili nilikuwa ninazunguka ua ule bila kutikisika, na wenzangu wakaacha kazi kunitazama. Nilijiona mtu. Kuisikia injini inakuvuta wewe, badala ya wewe kuivuta, ni jambo ambalo sikuwa nimelijua, na nilikasirika upya kwa miaka yote niliyonyimwa.

Jumamosi inspekta akaja saa sita na motokaa yake. Alikuwa mzee, uso mwekundu, amekaa pwani hata Kiswahili chake kikawa na salamu zake zote. Aliniuliza habari za nyumbani kabla ya kuniuliza habari za breki. Njia aliyoichagua ilikuwa hii: kutoka gerejini hadi njia panda, kushuka mlima hadi Makupa, kugeuka, kupanda mpaka juu tena. Yeye na meneja wangenifuata nyuma katika motokaa.

Nilikwenda vizuri. Sijisifu, nilikwenda vizuri. Nilitoa mkono mahali pa kutoa mkono, nikamsimamia mama mmoja aliyevuka na mzigo wa makuti, nikabadilisha gia bila kukwaruza. Kisha nikafika juu ya mlima.

Mazoea yana taabu. Niliiona ile barabara inalala chini, maji ya Makupa yanang'aa kule mbele, upepo ukanipiga kifuani, na mkono wangu wa kulia ukaifunga petroli. Haukuniomba ruhusa. Ulikuwa umeshuka pale miaka minne bila injini, ukafanya unachokijua. Nikateremka kimya kimya, gia imo, petroli imefungwa, injini mpya bado ngumu inazunguka kwa nguvu ya mlima bila tone la oili. Mimi niliyewafundisha wenzangu! Nilisikia sauti yake inakonda, nikajua, nikavuta klachi, lakini nilikuwa nimechelewa. Injini ilikaza. Nilimaliza mlima kwa mazoea yale yale yaliyoniponza, nikasimama chini kando ya barabara, nikatoa mkono kama inavyotakiwa.

Motokaa ikasimama nyuma yangu. Inspekta akashuka, akauliza kwa nini injini imezimika. Meneja alimwahi, akamwambia kwa Kiingereza kwamba fundi huyu hajui kuendesha, ameiua. Hapo ningeweza kusingizia plagi, au petroli chafu, na inspekta asingejua. Lakini ile "hajui kuendesha" iliniingia hapa.

"Ninajua kuendesha," nilimwambia inspekta kwa Kiswahili. "Mlima huu tumeushuka sisi sote wanane, miaka minne, tumekaa juu ya pikipiki za kampuni, injini zimezimwa. Bwana huyu alitukataza kuziwasha, tukajifunza bila kuziwasha. Leo mkono wangu umesahau kwamba imewaka."

Meneja alikuwa mwekundu kuliko inspekta. Inspekta alinitazama kwa muda, akatazama juu ya mlima, na nadhani alitaka kucheka lakini hakucheka. Akaniuliza kama itawaka tena. Nikamwambia ikipoa itaachia, haikuumia sana. Akatoa saa yake mfukoni.

"Nakwenda kukaa juu, njia panda, penye kivuli," alisema. "Nusu saa. Pikipiki hii ikipanda mlima huu kwa injini yake na wewe juu yake, nitatia sahihi. Isipopanda, tumemaliza."

Akaingia motokaani akaondoka. Meneja hakukubali kuiacha mali ya kampuni barabarani na mtu kama mimi, akabaki. Tukawa wawili, na Kifaranga katikati yetu.

Ilikuwa saa ya wachukuzi wa bandarini kurudi nyumbani Changamwe, maana Jumamosi walitoka mapema. Wakaanza kupita, wakapunguza mwendo, wakasimama. Meneja hakupenda kutazamwa. Aliniamuru nisukume. Nikamwambia tungoje, injini inataka robo saa tu ya kupoa. Hakuniamini, alidhani ninamfanyia ujanja mwingine. Akasema tena, sukuma.

Hapo najua ningeweza kusukuma kidogo, ikapoa njiani, nikaiwasha nikapanda, mambo yakaisha. Mtu mwenye busara angefanya hivyo. Lakini nilikuwa nimevaa shati jeupe alilonifulia mke wangu kwa ajili ya siku ile, na watu wanatazama, na kitu fulani ndani yangu kilikuwa kimejaa hata hakina nafasi.

"Sisukumi," nilimwambia. "Ikipoa nitaiendesha."

"Basi wewe hapana kazi tena."

"Haya, bwana."

Nikaenda nikakaa juu ya jiwe. Yeye akaupiga teke mkono wa kuwashia, ukakataa kushuka, injini bado imekaza. Akatazama watu, akatazama mlima. Kisha akakunja mikono ya shati, akashika usukani, akaanza kusukuma mwenyewe.

Sitakuficha, niliogopa. Nilitembea upande wa pili wa barabara, sambamba naye, na kila hatua aliyopiga niliwaona wenzangu saba. Akiifikisha juu kwa kusukuma, nusu saa imekwisha, leseni imekwisha, kazi imekwisha, na wao nimewatia shimoni kwa ukaidi wangu. Mara mbili niliinua mguu kutaka kuvuka nikamsaidie. Mara mbili nilijizuia. Wachukuzi walitufuata nyuma, na macho yao yalimchoma zaidi kuliko kelele.

Alisukuma vibaya. Alikuwa ameinama mno, anasukuma kwa mikono badala ya kiuno, na kikanyagio kinamgonga mguu kila hatua. Hakufika hata nusu ya mlima. Palipo mwinuko mkali, pale ambapo sisi sote tulikuwa na desturi ya kupumzika, alisimama. Shati limemganda mgongoni, soksi moja imeshuka, na muundi wake wa kulia unatoka damu.

"Hii nzito," alisema. "Hii nzito sana."

Nilivuka barabara.

"Hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote, bwana," nilimwambia.

Alinitazama. Sijui alifikiri nini na sikuwa na haja ya kujua. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huu leo ulikuwa wake. Niliweka kiganja juu ya injini, ilikuwa imepoa. Niliusukuma mkono wa kuwashia taratibu kwa unyayo, ukashuka laini, ukarudi. Imeachia. Lakini sikuiwasha. Nilirudi nyuma hatua moja, nikangoja.

Akasema neno, kwa sauti ndogo.

"Sikusikia, bwana."

"Endesha," alisema.

Ilikataa mara mbili. Mara ya tatu ikakohoa, ikatema moshi wa samawati, ikashika. Wachukuzi wakapasuka kwa kelele, kule nyuma yangu. Niliachia klachi polepole, maana kuanzia mwendo mlimani ni kazi ya peke yake, na Kifaranga kikanivuta. Kilipanda. Kilipanda kwa sauti ya mtu anayelalamika lakini anakwenda, na mimi sikukifungia petroli hata kidogo mpaka nilipomwona inspekta chini ya kivuli chake, saa mkononi.

Aliandika juu ya boneti ya motokaa. Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia nilikuwa fundi, lakini nimefutwa sasa hivi chini ya mlima. Aliinua kalamu, akafikiri, akaandika fundi, akatia sahihi. Akanipa mkono, akaingia motokaani kwenda shughuli zake upande wa Port Reitz, hakumngoja mwenzake.

Meneja alifika juu baada ya muda, kwa miguu, anachechemea. Kutoka pale hadi gerejini palikuwa bado na mwendo, na jua liko utosini. Nilikuwa nimekaa juu ya pikipiki, injini inanguruma. Nilimwambia apande nyuma. Alitazama barabara, akatazama keria, akapanda. Mtu aliyeuza pikipiki miaka yote ile hakujua aweke wapi miguu, nilimwonyesha. Alinikumbatia tumboni kwa mikono miwili, na njia nzima hakusema neno, wala la kazi yangu wala la leseni.

Tuliingia langoni injini ikiwaka. Wenzangu walikuwa uani, wameacha kazi, spana mkononi. Mwenzangu wa Likoni alikuwa ameshika usukani wa Askari moja iliyopona asubuhi ile, amekwisha kuigeuza kuelekea lango aisukume kupeleka mjini. Alinitazama mimi, akamtazama aliyekaa nyuma yangu. Hakuuliza nimepita au nimeshindwa. Alirusha mguu, akakaa, akaiwasha.